Maji yanapimwa sawasawa, methanoli inadondoka

SWALI: Roboti yetu ya pipeti (mashine inayonyonya na kumimina vimiminika kwa vipimo vidogo) hutoa mikrolita 100 za maji bila shida. Tukiweka methanoli, alkoholi inayovukiza upesi, matone huanguka kabla mkono haujafika kwenye bamba lenye vishimo vya sampuli. Gliseroli nayo, ambayo ni nzito na ya kunata, hutoka pungufu. Fundi anasema mashine ni nzima. Tunakosea wapi?

JIBU: Fundi yuko sahihi: mnatumia mipangilio ya maji kwa kila kitu. Kati ya pistoni na kimiminika kuna hewa. Methanoli ikigeuka mvuke humo, shinikizo hupanda na tone husukumwa nje. Kwa hiyo lowesheni kwanza ncha, yaani kile kijirija cha plastiki kinachoingia kwenye kimiminika: nyonyeni na kurudisha methanoli mara 3 hadi 5, hewa ya ndani ishibe mvuke, ndipo mchukue kiasi chenyewe. Malizieni kwa kunyonya mikrolita 5 hadi 10 za hewa zikae mdomoni mwa ncha, na mkono usisimame njiani.

Gliseroli inataka subira. Anzeni na sehemu ya kumi ya kasi ya maji, na baada ya kunyonya ncha ibaki ndani sekunde 2 au 3. Ikiinuliwa mapema itavuta hewa. Izamisheni milimita 2 tu, maana gliseroli inayonata nje ya ncha huenda nayo kwenye kishimo. Nyonyeni 120, mimineni 100, zilizobaki zitupwe pamoja na ncha.

Kisha pimeni kwa mizani, mara 10 kwa kila kimiminika. Katika nyuzi 20 za Selsiasi, mikrolita 100 za maji ni takriban miligramu 99.8, methanoli 79, gliseroli 126. Kikombe cha methanoli kifunikwe, la sivyo uzito utashuka mkiutazama. Vipimo vikikaribiana lakini wastani umekosea, rekebisheni namba ya kiasi kwenye programu. Vikitawanyika, tafadhali msiiguse namba hiyo! Rudini kwenye kasi na kulowesha, kwa sababu marekebisho ya wastani hayaponyi mtawanyiko, yanauficha tu.

SWALI: Kihisi cha usawa wa kimiminika kinaonyesha sampuli ipo, lakini ncha inatoka na hewa. Kwa nini?

JIBU: Angalieni povu. Ncha nyeusi zenye kaboni hupitisha umeme, ambao kihisi hutumia kutambua uso wa kimiminika, na povu huonekana kwa kihisi kama uso wa kimiminika. Zungusheni mirija kwenye sentrifuji kwanza, au zimeni kihisi na mpange kina maalumu cha kuzama.