Kabla hujamhamisha mtoto skuli, soma matokeo ya skuli yenu mpaka chini

Kila matokeo ya fomu foo yakitoka, simu huku Pemba hazitulii. Kila grupu la WhatsApp ni skuli fulani imetoa divisheni wani ngapi, ya kwetu imetoa ziro ngapi, na wiki ya pili yake wazee washaanza kufunga mizigo ya watoto, huyu anapelekwa Unguja kwa shangazi yake, yule Chake kwa ami yake. Kwenye familia yetu mimi ndo ninayeitwa likija suala hili, nimewasomea matokeo wadogo zangu, watoto wa kaka zangu na majirani, kwa hiyo naomba wazee wenzangu mnisikilize kidogo.

Divisheni ni hesabu tu ya masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5, ukijumlisha 7 mpaka 17 ni wani, 18 mpaka 21 ni tuu, 22 mpaka 25 thrii, 26 mpaka 33 foo. Sasa chukua watoto wawili: mmoja kapata B ya Kemia, B ya Baiolojia, C ya Jografia na mengine manne D, jumla 23. Mwengine kapata C za Kiswahili, Dini, Kiarabu na Siviksi, na matatu yaliyobaki D, jumla 24. Wote divisheni thrii, na mtaani wote wanapewa hongera sawasawa, lakini wa kwanza ana CBG mkononi, yaani Kemia, Baiolojia na Jografia za kusomea fomu faivu, na wa pili mlango wa sayansi umeshafungwa. Skuli nayo iko hivyo hivyo, thrii nyingi hazikwambii zimetokana na masomo gani.

Kwa hiyo ukifungua matokeo ya skuli kwenye tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, usiishie kwenye majina ya divisheni, shuka mpaka chini kabisa kuna jaduali la masomo. Pale unaona waliosajiliwa, waliofanya, waliofaulu na GPA, yaani wastani wa pointi, ya kila somo. Na hapa watu wengi wanachanganya: GPA hii ndogo ndo nzuri, kinyume na ya chuo kikuu, kwa hiyo somo lenye 2.5 liko vizuri kuliko lenye 4.2. Angalia Hisabati, angalia Fizikia, alafu rudi nyuma miaka mitatu minne uangalie somo hilo hilo. Somo lililokuwa zuri likaanguka ghafla mara nyingi mwalimu wake kahamishwa na hajaletwa mwengine, na hilo ukenda skuli ukauliza kwa adabu utajibiwa. Baraza lenyewe mwaka 2023 liliacha kutangaza skuli kumi bora, na mimi naona walifanya jambo la maana sana.

Kingine, na hichi ndo kinachoniuma zaidi, ni watoto ambao hawamo kabisa kwenye hayo matokeo. Skuli inaweza kufaulisha karibu wote waliokaa mtihani, lakini je walioanza fomu wani walikuwa wangapi? Huku kwetu pwani ya Micheweni wavulana wanaanza kupotea darasani wakenda dago, kambi za uvuvi, unamkuta diko la Tumbe, pale samaki wanaposhushwa, asubuhi wenzake wako kwenye hesabu, na wasichana bamvua likifika, maji yanapokupwa sana, wanakwenda na mama zao kwenye mwani, msimu wa karafuu nao ukija ndo darasa linabaki nusu. Kwenye jaduali la divisheni kuna mstari wa F na wa M, wanawake na wanaume, hebu linganisha, ukiona wavulana nusu ya wasichana ujue kuna kitu kijiji kizima kinatakiwa kikae kukizungumza. Mwalimu peke yake hawezi kumtoa mtoto kwenye ngalawa.

Kuhamisha simkatazi mtu, kuna skuli kweli hazina maabara wala mwalimu wa Fizikia na mtoto wako anataka PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia. Lakini mtoto anayehamishwa fomu thrii anakwenda kukaa nyumba ya watu, anatafuta daladala alfajiri, na kama shida yake ilikuwa Kiengereza basi anahama nayo, maana masomo karibu yote ya sekondari yanasomeshwa kwa lugha hiyo. Mara nyingi tuisheni ya somo moja na kambi nzuri ya kusoma kabla ya mtihani vinamsaidia zaidi akiwa kwao.

Ukenda skuli, zungumza na mwalimu mkuu, muulize kipindi cha sayansi kina mwalimu wa kudumu au wa kujitolea, mara ngapi wanaingia maabara, na uombe kuona daftari la mahudhurio la darasa la mwanao. Kama yuko fomu tuu usingoje, nenda wiki hii, kwa sababu mtihani wa Baraza la Mitihani la Zanzibar ndo unaoamua nani anaingia fomu thrii.