Dada, usimkatize mtoto insulini kwa ajili ya poda

Dada uliyeuliza kama umpe mwanao wa miaka 12 ile poda ya "seli shina" (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine) huku ukimpunguzia insulini: USITHUBUTU. Salamu baadaye.

Mimi pia nina kisukari cha aina ya kwanza, kile ambacho mwili hautengenezi insulini yake, na poda hiyo niliinywa. Elfu kumi na nane, mkebe kama wa majani ya chai. Tulikusanywa ukumbini Nyali, bwana mmoja wa tai nyekundu akatusomea utafiti wa Marekani: watu wameacha sindano! Nikapiga makofi, mtu mzima na ndevu zangu.

Jumatatu nikaacha sindano. Jumanne kiu, jagi baada ya jagi. Jumatano natapika, mke wangu ananinusa: "Nanasi umekula kwa nani wewe?" Tukacheka. Kumbe mwili ukikosa insulini unachoma mafuta, damu inajaa asidi, na pumzi inanukia matunda. Alhamisi nikaanguka ndani ya feri ya Likoni, kichwa juu ya gunia la nazi la watu. Siku tano za dripu. Nikampigia tai nyekundu kutoka wodini, akanijibu hizo ni sumu zinatoka, nizidishe vijiko! Mungu anamuona.

Linaloniuma ni kwamba utafiti wenyewe ni wa kweli. Ulichapishwa 2025: watu 12 walipewa dozi kamili ya seli za kutengeneza insulini, zilizokuzwa maabara kutoka seli shina, na baada ya mwaka 10 kati yao hawakuhitaji tena insulini. Lakini seli zile zilipitishwa kwenye mshipa unaoingia ini, na wenyewe wanatumia dawa za kutuliza kinga ili mwili usizishambulie. Wala hawakuitupa sindano siku ya kwanza kama mimi. Hayo yote bwana aliyaruka. Seli ukizimeza, tumbo linazifanya vile linavyoyafanya mahamri. Na sidhani hata kama zilikuwa seli. Yangu ilikuwa na ladha ya ubuyu, tena ubuyu usiotiwa sukari.

Kwa hiyo anayekuletea utafiti muulize hivi: kule dawa iliingiaje mwilini, na mimi unaniuzia iingie vipi? Kule mshipa, hapa kijiko? Chukua mkoba wako, panda tuktuk.

Hebu nijibu kwanza, leo mtoto amechomwa sindano yake?