Nina mitego 20, mbona msimamizi anasema n yangu ni 1?

SWALI: Nasoma biolojia, shahada ya kwanza, mwaka wa tatu. Mradi wangu ni kulinganisha mbawakawa wanaotembea ardhini msituni na shambani. Nimepanga kufukia mitego 10 ya vikombe katika msitu mmoja na 10 katika shamba linalopakana nao. Muda nilio nao ni wiki sita. Msimamizi amesoma pendekezo langu akaandika pembeni "n = 1" bila maelezo zaidi. Nibadilishe nini? Na mitego yenyewe ifukiwe vipi ili isiniharibie kazi?

JIBU: Msimamizi wako yuko sahihi. Herufi n ni idadi ya sampuli zinazojitegemea. Swali lako linahusu misitu na mashamba, lakini umechukua msitu mmoja na shamba moja. Vikombe 10 ndani ya msitu huo vinakueleza kwa usahihi zaidi hali ya msitu huo tu. Havikuambii lolote kuhusu msitu wa pili. Ukikuta tofauti, huwezi kujua kama imeletwa na msitu kuwa msitu, au na jambo lingine linalotenganisha sehemu hizo mbili: udongo wa mfinyanzi upande mmoja, mteremko, mkondo wa maji, dawa iliyopuliziwa shambani mwezi uliopita.

Kosa hili huitwa marudio bandia. Stuart Hurlbert alilichambua mwaka 1984 katika jarida la Ecological Monographs, akaonyesha kwamba karibu nusu ya tafiti alizozipitia zilizotumia majaribio ya takwimu zilikuwa nalo. Kwa hiyo usione haya, ila usilirudie.

Dawa yake ni kutawanya mitego. Tafuta maeneo sita ambako msitu unapakana na shamba, kila eneo likiwa mbali na jingine kwa mita mia kadhaa au zaidi. Kila eneo ni jozi moja: kituo cha msitu na kituo cha shamba. Weka mitego miwili katika kila kituo, jumla 24. Ni vikombe vinne tu zaidi ya ulivyopanga, na n yako imepanda kutoka 1 hadi 6.

Kwa nini sita na si tano? Kwa jaribio la Wilcoxon la jozi, hata kama jozi zote tano zinaelekea upande mmoja, thamani ndogo kabisa ya p (uwezekano wa kupata tofauti kubwa kiasi hicho kwa bahati tu, ambao kwa kawaida hutakiwa uwe chini ya 0.05) unayoweza kupata kwa pande mbili ni 2/32, yaani 0.0625. Utakuwa umeshindwa kabla hujashika jembe. Kwa jozi sita inashuka hadi 2/64, sawa na 0.031. Vivyo hivyo, anayelinganisha vituo vitatu kwa vitatu visivyo vya jozi kwa jaribio la Mann-Whitney hawezi kwenda chini ya 0.1 hata afanyeje. Hesabu hii ya dakika tano wanafunzi wengi huifanya wakati wa kuandika matokeo, na hapo hakuna tena la kufanya. Ukipata vikombe vya ziada, ongeza maeneo kwanza, mitego ndani ya kituo baadaye.

Umbali kutoka mpakani uwe uleule kwa vituo vyote, na mitego miwili ya kituo kimoja iachane kwa mita 10 au zaidi. Usichague mahali pa mtego kwa macho, maana jicho hupenda penye kivuli na udongo laini. Chukua namba za nasibu, zikupe hatua za kwenda mbele na za kwenda kando, ufukie hapo zilipokufikisha.

Sasa mtego wenyewe. Tumia vikombe viwili vya plastiki, kimoja ndani ya kingine, vyote vya ukubwa na rangi moja katika utafiti mzima, kwa sababu upana wa mdomo hubadilisha idadi inayonaswa. Kipenyo cha sentimita 7 hadi 9 kinatosha. Kikombe cha nje kitobolewe kitakoni maji yapite, na kibaki ardhini muda wote. Cha ndani ndicho utakachokuwa ukikitoa. Mdomo ulingane na uso wa udongo, au uwe chini yake kwa milimita moja au mbili. Hapa ndipo mitego mingi huharibika. Ukingo ukichomoza hata kidogo, mbawakawa anaufikia, anaugusa kwa vipapasio, anageuka na kuuzunguka. Pitisha kidole kutoka kwenye udongo hadi ndani ya kikombe: kikikwama, naye atakwama. Shindilia udongo pembeni kusiwe na mwanya, kisha rudia kidole kila unapobadilisha kikombe, kwa kuwa mvua huosha udongo na kuacha ukingo wazi.

Ukishafukia, funika na usubiri wiki nzima. Udongo uliochimbuliwa karibuni huvuta wadudu, na siku za kwanza hutoa idadi kubwa isiyo ya kawaida.

Kimiminika kijaze theluthi ya kikombe: propilini glikoli iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, pamoja na tone la sabuni ya maji isiyo na manukato ili mdudu azame badala ya kuelea. Usitumie ethilini glikoli. Ina ladha tamu na ni sumu kwa wanyama wanaoweza kuinywa. Ethanoli nayo hukauka haraka, na harufu yake huvuta baadhi ya spishi. Juu weka kipande cha plastiki kilichoinuliwa kwa misumari sentimita 3 hadi 4, kizuie mvua na majani. Vyura na panya wadogo nao huangukia humo, hivyo weka wavu wenye matundu ya sentimita 1.5 hivi mdomoni, na uwe na kibali mkononi kabla ya kufukia chochote.

Ratiba: wiki ya kwanza mitego imefunikwa, ya pili na ya nne imefunguliwa siku 7 kila moja, zilizobaki ni za kuchambua. Hizo ni sampuli 48. Usidharau kazi ya mezani. Kuchambua hula saa nyingi kuliko kwenda uwandani. Hifadhi kwa ethanoli ya asilimia 70, na lebo iandikwe kwa penseli, iwekwe ndani ya chupa. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kwenye ethanoli, ukabaki na chupa isiyo na kwao.

Katika jedwali, mstari mmoja ni mtego mmoja kwa awamu moja. Mtego uliofukuliwa na mnyama au kufurika uachwe wazi, usiandikiwe 0. Sifuri maana yake mtego ulifanya kazi na haukunasa kitu. Gawanya idadi kwa siku ambazo mtego ulikuwa hai, kisha utafute wastani wa mitego na awamu upate thamani moja kwa kila kituo, kwani awamu ya pili mahali palepale si n mpya. Idadi ya spishi, tofauti na idadi ya wadudu, haigawanyiki kwa siku. Ilinganishe kwa kukadiria ungepata spishi ngapi kama kila upande ungekuwa na idadi sawa ya wadudu. Spishi usizoweza kuzitaja zipe namba chini ya jina la familia yao (Carabidae 1, Carabidae 2) na uhifadhi mfano mmoja wa kila aina.

Tahadhari moja kuhusu maana ya matokeo. Mtego wa kikombe haupimi wadudu wangapi wapo. Unapima wangapi wapo na wanatembea kiasi gani. Kwenye udongo mtupu wa shamba mbawakawa hukimbia bila kizuizi, msituni majani makavu humchelewesha. Shamba likitoa wengi zaidi, andika "walionaswa zaidi", usiandike "wapo wengi zaidi". Kila unapotembelea mtego pima pia kina cha majani makavu na asilimia ya ardhi iliyofunikwa na mimea katika mita moja ya mraba kuuzunguka, ndipo utaweza kujadili jambo hilo kwa namba.

Kama maeneo sita hayapatikani kabisa, mradi haujafa. Badilisha swali: eleza jinsi mbawakawa wanavyobadilika kuanzia shambani kuingia ndani ya msitu huo mmoja, utaje msitu huo kwenye kichwa cha ripoti, na usiweke thamani ya p kwa "misitu".