Maswali na Majibu: Visikilizi vya Laki Saba

Barua za mwezi huu zimejaa jambo moja: visikilizi vya bei kubwa, vile vya ndani ya sikio na vile vya kichwani ambavyo wengi tunaviita hedifoni. Nimechagua maswali yenye manufaa kwa wengi. Yaliyotaka kujua bei ya leo katika duka fulani la mjini nimeyaacha, kwa sababu bei hizo hubadilika hata kabla jibu halijasomwa.

Nafanya kazi Mji wa Serikali, Mtumba. Nimenunua visikilizi visivyo na waya kwa shilingi laki saba. Nikivilinganisha na vya elfu sitini nilivyokuwa navyo, tofauti ni ndogo mno, na siku nyingine siisikii kabisa. Masikio yangu ni mabovu, au nimeibiwa?

Huenda si hilo wala lile. Bei ya visikilizi ni jumla ya mambo mengi, na sauti ni moja tu kati ya hayo. Katika laki saba hizo umelipia uwezo wa kuzima kelele za nje, maikrofoni za kupigia simu, kasha la kuchajia, programu ya kwenye simu, matangazo, ushuru na jina la kampuni. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha uchambuzi wa vipimo vya visikilizi na hedifoni 283 za bei mbalimbali, na hakuona uhusiano kati ya bei ya dukani na namna vifaa hivyo vinavyogawa nguvu baina ya besi, sauti za kati na sauti nyembamba. Mgawanyo huo ndio sehemu kubwa ya kile tunachokiita sauti nzuri. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba masikio yako yamesema kweli, na kinachokusumbua ni risiti.

Hata hivyo, kabla hujatoa hukumu, linganisha kwa haki. Watu wengi huvaa cha zamani, wakasikiliza wimbo, wakavua, wakavaa kipya, wakapandisha sauti kidogo ili kionyeshe uwezo wake, kisha wakatangaza mshindi. Hilo si jaribio. Tangu mwaka 1933, Fletcher na Munson walipochapisha vipimo vyao huko Marekani, inajulikana kwamba sikio la binadamu husikia besi hafifu sauti inapokuwa ya chini, na kwamba sauti ikipanda besi nayo hujitokeza. Kifaa kinachopiga kwa nguvu kidogo tu kuliko mwenzake kitaonekana kizito, chenye uwazi na cha thamani, hata kama hakina lolote la ziada. Muuzaji anayekukabidhi kifaa cha bei huku sauti ya simu ikiwa imepandishwa hadi karibu na mwisho analielewa jambo hili vizuri kuliko wewe.

Sawazisha sauti kwanza, na ufanye hivyo kwa kusikiliza mtu anayezungumza. Taarifa ya habari inafaa sana. Kisha fumba macho, mtu wa nyumbani akubadilishie bila kukuambia anakupa kipi. Najua umbo la kifaa utalihisi sikioni, hivyo jaribio halitakuwa safi kabisa, lakini ni afadhali mara nyingi kuliko kusikiliza huku unaitazama nembo.

Chagua pia rekodi ya kitu ambacho umewahi kukisikia kikipigwa mbele yako. Sisi wa Dodoma tuna bahati katika hili. Anayeijua ilimba, ile ala ya Wagogo inayopigwa kwa vidole gumba, anajua kwamba pamoja na noti ya ulimi wa chuma kuna mvumo mwembamba unaoifuata, utokanao na utando wa buibui uliobandikwa kwenye tundu la sanduku lake. Kisikilizi kilichofifishwa sauti nyembamba huufuta mvumo huo, ikabaki noti tupu. Kilichozidishiwa sauti hizo huugeuza kuwa mchakacho wa kukera. Baada ya hapo sikiliza ngoma za muheme zinazopigwa na akina mama, na ujiulize kama unasikia kiganja kikigusa ngozi kabla ya mshindo, au unasikia mdundo mmoja mnene usio na mwanzo. Wimbo uliotengenezwa wote ndani ya kompyuta hautakuambia hayo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuusikia bila spika, na hivyo hakuna wa kusema umepotoshwa.

Ukishamaliza yote hayo na tofauti bado huisikii, rudisha kama duka linaruhusu. Kama haliruhusu, basi furahia uwezo wa kuzima kelele ndani ya basi la wafanyakazi, maana huo umeulipia na unaufaidi kweli.

Mwandishi, visikilizi gani ni vizuri?

Swali hili limeletwa na wasomaji wengi mno, na hakuna hata mmoja aliyetaja simu anayotumia, anachopenda kusikiliza, mahali anaposikilizia, wala kiasi alichonacho. Jibu langu ni kwamba inategemea, na nitaendelea kujibu hivyo.

Shikamoo. Nasoma UDOM. Rafiki yangu anasema ukiwa na visikilizi vya gharama ni lazima usikilize faili zisizobanwa, yaani zisizopunguzwa ukubwa kwa kuondoa sehemu ya sauti kama MP3, vinginevyo umetupa fedha. Natumia iPhone kwa Bluetooth.

Marahaba. Rafiki yako ameshika nusu ya habari. CD huchukua sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, 44,100 kwa kila sekunde, na kiasi hicho kinatosha kubeba sauti zote hadi kupita kidogo Hertz 20,000, ambao ndio mwisho wa usikivu wa kijana mwenye masikio mazima. Sisi wenye umri mkubwa tuliaga huko zamani. Faili la MP3 la kilobiti 320 kwa sekunde, likiwa limetengenezwa moja kwa moja kutoka rekodi halisi, ni watu wachache sana wanaoweza kulitenganisha na CD iwapo hawaambiwi lipi ni lipi.

Tena kuna jambo ambalo rafiki yako hakukwambia. Bluetooth yenyewe hubana sauti kabla ya kuirusha. iPhone hutumia mifumo ya kubana ya AAC na SBC, na haina mfumo wa LDAC wa Sony unaotangazwa kwa maandishi makubwa kwenye maboksi. Faili lako lisilobanwa litabanwa hukohuko njiani, upende usipende. Hata mwenye Android na LDAC hupata kilobiti 990 kwa sekunde pale mawasiliano yanapokuwa mazuri, ilhali CD ni 1,411. Anayetaka kupata kila kitu kilichomo ndani ya faili na atumie waya.

Ninachokuomba ukague ni chanzo cha nyimbo zako. Wimbo uliotolewa kwenye video, ukageuzwa kuwa MP3, ukatumwa kwa kundi la darasa, kisha ukageuzwa tena, umeshapoteza vitu ambavyo hakuna kisikilizi cha kuvirudisha. Kifaa kizuri huonyesha uchafu huo kwa uwazi zaidi, na ndiyo maana wengine hulalamika kwamba vya bei rahisi vinapiga vizuri kuliko vipya. Na msanii hakupata hata senti kutokana na wimbo wa namna hiyo. Mtu anayetoa laki kadhaa kwa ajili ya kifaa halafu anaona uchungu kulipia muziki wenyewe, mimi simwelewi.

Muuzaji ameniambia nivipige saa mia moja mfululizo ndipo sauti ifunguke. Ni kweli?

Hapana. Kinachobadilika katika saa hizo ni wewe, unayezoea sauti mpya. Kumbuka pia kwamba saa mia moja zikiisha, muda wa kurudisha bidhaa dukani nao huwa umekwisha.

Nipo Kondoa. Nimeagiza visikilizi vya waya vya kampuni yenye jina kubwa, lakini besi hakuna kabisa. Nimevirudisha dukani, wakavijaribu wakasema ni vizima.

Ninaamini ni vizima kweli. Tatizo lako liko kwenye ile mipira laini ya mbele. Ndani ya boksi kulikuwa na kifuko kidogo chenye mipira ya ukubwa tofauti, na nina hakika bado hujakifungua, kwa sababu karibu kila anayeniletea malalamiko haya hajakifungua. Besi ya kisikilizi cha ndani ya sikio hutegemea hewa iliyofungiwa kati ya kifaa na ngoma ya sikio. Mwanya mdogo tu ukitokea, besi yote inatoroka, na kifaa cha laki tano kinasikika kama redio ya mkulima iliyoishiwa betri.

Fanya hivi. Pitisha mkono wa kushoto nyuma ya kichwa, shika sehemu ya juu ya sikio la kulia na ulivute polepole kuelekea juu na nyuma, ili njia ya sikio inyooke. Ingiza kisikilizi kwa mkono wa kulia, kizungushe kidogo, kisha achia sikio lirudi mahali pake. Sasa zungumza. Sauti yako mwenyewe ikivuma ndani ya kichwa kana kwamba umeziba masikio kwa vidole, kimekaa. Isipovuma, jaribu mpira mkubwa zaidi au mdogo zaidi, na usishangae sikio la kulia likihitaji ukubwa usio sawa na wa kushoto, kwani masikio ya mtu mmoja hayalingani. Kipimo kingine ni kukibonyeza kwa kidole wakati wimbo unapiga: besi ikitokea ghafla na kupotea ukiachia, umeshajua ugonjwa.

Wakati uko hapo, ondoa mpira na utazame ule wavu mdogo kwa tochi ya simu. Katika vumbi letu la kiangazi, nta ya sikio hushikana na udongo mwekundu ikawa kama lami, na upande mmoja hupiga chini kuliko mwingine. Elekeza wavu chini ili uchafu uangukie nje, kisha uswaki taratibu kwa mswaki mkavu. Usitumie maji wala pini.

Mimi ni bodaboda wa Nzuguni. Nataka vinavyozima kelele, vimeandikwa IPX4. Vitahimili vumbi?

IP ni alama ya kinga ya kifaa. Namba inayoifuata ni ya vumbi, na ya pili ni ya maji. Penye herufi X, kampuni haijatamka lolote kuhusu vumbi. 4 inahusu maji ya kurukia, jasho likiwemo. Kwa Dodoma tafuta IP54 au IP55.

Lakini usivivae ukiwa barabarani. Mitambo ya kuzima kelele hufanya kazi vizuri zaidi dhidi ya mngurumo mzito usiobadilikabadilika, na lori la mizigo linalokufuata kwa nyuma lina mngurumo wa aina hiyo hasa. Vaa ukiwa kijiweni.

Nimepewa hedifoni za Sennheiser HD 600 na ndugu yangu aliyetoka Ujerumani. Simu inazipiga chini sana, nafikiria kuziuza.

Usiziuze, na kama tayari umemwahidi mtu, mtafutie sababu. Hedifoni hizo zina ukinzani wa omu 300, wakati visikilizi vingi vya simu huwa na 16 au 32, hivyo zinahitaji volteji kubwa kuliko simu nyingi zinavyoweza kutoa. Tafuta kikuza sauti kidogo cha mezani, hata cha bei ya wastani. Fahamu tu kwamba mgongo wake uko wazi, kwa hiyo jirani atasikia unachosikiliza, nawe utasikia watoto wake.

Aina hii ilianza kuuzwa mwaka 1997 na vipuri vyake bado vinapatikana: waya unabadilishwa, sifongo za masikio zinabadilishwa. Nawaomba wanaotaka kutumia fedha nyingi walifikirie hili. Vile vidogo visivyo na waya vina betri ndogo sana ambazo baada ya miaka miwili au mitatu huanza kuzima kabla hata albamu haijaisha, na fundi wa kuzibadilisha ni wa kutafuta kwa tochi. Simu isiyo na tundu la waya, jambo lililoshika kasi baada ya iPhone 7 ya mwaka 2016, si kisingizio. Adapta ya Type-C ipo.

Nimekuta mjini vya elfu arobaini vyenye nembo ile ya laki nane. Muuzaji anasema ni oda iliyobaki kiwandani, na nikivifungua simu yangu inavitambua.

Ni bandia. Zile za kughushi nazo hutambuliwa na simu. Mwombe risiti ya EFD yenye jina kamili la bidhaa hiyo na dhamana ya maandishi, kisha umtazame usoni. Tume ya Ushindani, FCC, hupokea malalamiko kuhusu bidhaa bandia, ingawa wengi wenu mnaonunua kwa bei hiyo mnajua mnachonunua.

Waya wa fedha unaboresha sauti?

Hapana.

Nikivua visikilizi usiku nasikia mlio mwembamba masikioni. Je, nikinunua vya gharama zaidi utaisha?

Hautaisha, na kabla ya kufikiria duka lolote, punguza sauti leo hii. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki, na ikifika desibeli 90 muda huo hushuka hadi saa 4 tu kwa wiki nzima. Simu nyingi zina sehemu ya kuweka kikomo, kiweke. Msaada pekee wa kifaa kizuri hapa ni kuziba kelele za nje, ili usilazimike kushindana na injini ya daladala kwa kupandisha sauti, na hata mpira wa bei ndogo unaokaa vizuri sikioni hufanya kazi hiyo.

Mlio ukiendelea kwa siku kadhaa, au usikivu ukipungua ghafla, nenda hospitali umwone daktari wa masikio, pua na koo bila kuchelewa. Huko nako utavikwa hedifoni. Ni zile zilizopimwa na kurekebishwa, na hakuna atakayekuuliza zako ulizinunua kwa bei gani.