Jibu: Kuiona bustani ya paa la City Hall, Chicago
Salaam, ndugu. Umeeleza kuwa walinzi wa City Hall, jengo la serikali ya jiji, wamekuzuia kupanda kwenye bustani ya paa, nawe hujui ufanyeje. Bustani hiyo, iliyokamilika mwaka 2001 juu ya jengo la ghorofa 11, haiko wazi kwa umma kila siku, hivyo uliza kwanza kama kuna ziara iliyopangwa kabla hujafunga safari nyingine. Mimi niliitazama kutoka dirisha la jengo refu la jirani, na kwa kweli huonekana vizuri zaidi kutoka juu. Angalia upande wa magharibi, kwa kuwa bustani iko kwenye nusu ya jengo iliyo ya jiji; nusu ya mashariki ni ya serikali ya kaunti. Ukitaka kukanyaga majani yenyewe, nenda Millennium Park, bustani ya umma ya hapo Chicago iliyojengwa juu ya maegesho na reli. Kiingilio ni bure.