Ukiingia kazi ya barabara Iowa, jicho kwenye viungo na mabango

Theluji ikianza kuyeyuka tu, simu nazo zinaanza. Kaka, nasikia kampuni za barabara zinachukua watu, hela nzuri kuliko kiwanda cha nyama, niende? Nenda. Ila usiende ukidhani ni kazi ya misuli peke yake. Misuli tunayo sote tuliobeba maji na kuni kwenye kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma, na baada ya wiki mbili msimamizi hashangai tena kuona mtu ananyanyua vitu vizito. Anayeitwa tena msimu unaofuata ni yule anayeona mambo. Hapa Iowa, jimbo hili la Marekani, mambo ya kuona yako hasa sehemu mbili: kwenye viungo vya zege, na kwenye mabango ya rangi ya chungwa yanayowaonya madereva.

Tuanze na zege, maana wengi tumetoka kwenye barabara za lami. Aliyepanda basi la mwendokasi Dar es Salaam amepita juu ya zege labda bila kujua. Iowa zege ndiyo desturi. Sehemu kubwa ya barabara kuu za I-80, I-35 na I-380 ilimwagwa zege tangu mwanzo, na hata ile mashine inayotambaa ikimwaga na kusawazisha barabara bila kuhitaji mbao za pembeni ilibuniwa hapa hapa, mwishoni mwa miaka ya 1940, na mhandisi wa idara ya barabara ya jimbo aitwaye James Johnson. Wazee wa kazi hii wanajivunia hilo. Ukiwauliza wanakueleza mpaka chakula kipoe.

Mashine hiyo ndiyo inayowadanganya wageni. Ni kubwa, ina kelele, inasonga yenyewe, basi mtu anasimama kuitazama. Iache. Ina watu wake. Tazama zege linalotoka kwenye tipa. Litakuja gumu, limekauka-kauka, na kama umewahi kujenga nyumba kwetu utasema hili limeharibika, liongezwe maji. Liko sawa. Linatakiwa liwe gumu hivyo ili kingo zake zisimame zenyewe bila mbao, na slampu yake, yaani kiasi linachoshuka likipimwa, ni ndogo, inchi 1 au 2 hivi. Usimwambie dereva aongeze maji, wala usichukue bomba ukarashia juu ili mwiko uteleze vizuri. Maji yale unayorashia yanabaki kwenye ngozi ya zege, na baada ya majira mawili au matatu ya baridi ngozi hiyo inabanduka magamba. Ndani ya zege kuna viputo vidogo mno vya hewa vilivyowekwa kwa makusudi, kama asilimia 6 ya ujazo, ili maji yakiganda ndani yapate pa kutanukia. Ndiyo maana utamwona mpimaji na chombo chake kila saa. Akisema lori lirudi, lirudi, usianze kulalamika kwamba mnacheleweshwa.

Sasa viungo. Zege likikauka linasinyaa, na likisinyaa lazima lipasuke. Hakuna mhandisi anayezuia hilo. Tunachofanya ni kuliamulia lipasukie wapi: tunakata kwa msumeno mstari wa kukatiza barabara, ambao ndio kiungo, kila baada ya futi 15 hadi 20, kina chake karibu theluthi ya unene, na ufa unafuata mstari huo kwenda chini. Kazi ya msumeno haina ratiba ya binadamu. Ukimwaga asubuhi, huenda ukakata jioni, huenda ukakata usiku wa manane, kutegemea jua, upepo na baridi. Na hapa Iowa upepo haulali.

Nikueleze jinsi mkata msumeno mzuri anavyojua wakati umefika, kwa sababu hiki ndicho kipande cha ufundi ambacho mgeni anaweza kujifunza kwa kukaa karibu tu. Anapiga magoti, anakwaruza zege kwa msumari. Kama msumari unachimba na kung'oa mchanga, anasubiri. Kama unaacha mstari mweupe mwembamba, anakata futi chache kisha anamulika ukingo wa mkato kwa tochi. Kokoto zikiwa zimekatika katikati, safi, anaendelea. Zikiwa zimeng'oka na kuacha vishimo pembeni, kakata mapema, anazima mashine, anawasha sigara. Akichelewa sana, ataukuta ufa umeshapita wenyewe, umepinda unavyotaka, na bamba hilo, yaani kipande cha zege kati ya kiungo na kiungo, limekwisha kabla gari la kwanza halijapita juu yake. Kaa karibu na mtu huyo. Mbebee maji. Hatakufundisha kwa maneno mengi.

Chini ya kila kiungo kuna doweli, yaani nondo nene, laini, zisizo na mistari, zimepangwa kwenye vikapu vya waya. Hizo zinapokea uzito wa tairi upande mmoja na kuukabidhi upande wa pili, huku zikiliacha bamba liteleze linapotanuka na kusinyaa. Kwa hiyo lazima zilale sambamba na barabara. Ikipinda moja, kiungo kinafungwa, na zege linatafuta pengine pa kupasukia. Nimeona vijana wenye mwendo wa haraka wakikanyaga vikapu kama wanavuka matuta ya mihogo. Pita pembeni. Ukiona kikapu kimesogea, sema hapo hapo, hata kama Kiingereza chako ni cha kuokoteza. Onyesha kwa kidole, inatosha. Zege likishapita juu yake hakuna wa kukiona tena hadi barabara ianze kugonga.

Na itaanza. Ukipita barabara ya zamani ukasikia tairi zinasema dug-dug, dug-dug, ujue mabamba yamepishana kimo kwenye viungo. Mara nyingine utaona doa jeusi kwenye kona za mabamba na nyufa nyembamba zinazokizunguka kiungo. Hiyo ni kokoto mbaya ya chokaa iliyonyonya maji na kuganda, kuganda na kuyeyuka, miaka kwa miaka. Chumvi ya majira ya baridi inaongezea: zile za kalsiamu na magnesiamu zinakula saruji kwenye viungo, mahali maji yanapokaa. Kiangazi nacho kina vituko vyake. Joto la ghafla likija, mabamba yanatanuka, na kama viungo vimejaa mchanga hayana pa kwenda, yanainuka juu kama paa la nyumba katikati ya barabara kuu. Siku hizo simu ya msimamizi inalia hata Jumapili.

Ukarabati wa namna hiyo ndio utakaopewa kwanza: kukata kipande kibovu chote mpaka chini, kukinyanyua, kutoboa matundu kwenye ukuta wa bamba lililobaki, kupuliza vumbi, kutia gundi, kuchomeka doweli, kumwaga. Watu wanaharakisha kwenye kupuliza vumbi. Usiharakishe hapo. Gundi iliyoshika vumbi haijashika zege.

Malori ndiyo mlaji mkuu. Kuanzia 1958 hadi 1960, karibu na mji wa Ottawa kule Illinois, wanajeshi waliendesha malori usiku na mchana juu ya barabara za majaribio, na matokeo yakaonyesha kwamba ukizidisha mzigo wa ekseli mara mbili, madhara kwa barabara yanazidi karibu mara 16. Kwa hiyo ndugu yetu anayeendesha lori lenye pauni 80,000 asikulaumu wewe kwamba barabara mbovu. Anashiriki.

Jambo moja zaidi kabla ya mabango: maji. Pembeni mwa barabara, kwenye mteremko wa nyasi, kuna midomo ya mabomba yanayotoa maji chini ya zege. Inazibwa na matope, na panya, na pale msingi ulipojengwa kwa zege la zamani lililosagwa, inazibwa na ganda jeupe la chokaa. Ukifyeka, usiivunje. Ukiikuta imeziba, ripoti. Hakuna atakayekupigia makofi, lakini barabara inayokaa kwenye maji haina maisha.

Haya, mabango. Wageni wengi wanaanzia huku, kupanga mapipa na koni au kushika kibao cha kusimamisha magari, na wanaona wamepewa kazi ya watoto. Hapana. Gari lililo kwenye maili 65 kwa saa linakula futi 95 kila sekunde. Ndiyo maana kwenye barabara kuu bango la kwanza linakaa karibu maili nzima kabla ya mapipa ya kwanza. Na mstari wa mapipa unaofunga njia una hesabu yake: upana wa njia kwa futi, zidisha kwa mwendo kwa maili. Njia ya futi 12, mwendo 65, unapata futi 780. Ukiambiwa upange, usipange kwa macho eti panatosha. Hesabu.

Mabango yanawekwa kwa kufuata mwendo wa magari, la kwanza kwanza, na yanaondolewa kinyumenyume, ili wakati wowote dereva asikute koni kabla hajaonywa. Miguu ya bango inakandamizwa kwa mifuko ya mchanga, kamwe si kwa jiwe wala kipande cha zege, kwa sababu gari likigonga, jiwe hilo linageuka risasi. Kila asubuhi tembea ukague, maana upepo wa usiku umeshalaza mawili matatu na mengine yamegeukia shambani yanawaonya mahindi. Usiku, pita kwa gari kama dereva mgeni uone kama yanang'aa au yamejaa tope.

Ugonjwa mkubwa wa mabango, kwa maoni yangu, ni kuyaacha wazi wakati hakuna kazi. Bango linasema kuna wafanyakazi, dereva anaendesha maili tatu haoni hata koleo, kesho analiona tena na kulipuuza. Kesho kutwa wewe uko pale umeinama. Kazi ikiisha, lifunike au lilaze. Msimamizi akisema liache tu, muulize kwa upole, mara mbili. Sheria ya hapa inaongeza faini maradufu kwa kosa la uendeshaji ndani ya eneo la kazi, na tangu 2025 kushika simu mkononi ukiendesha ni kosa, lakini wewe usitegemee sheria. Dereva anaamini simu yake inayomwambia atoke kwenye njia tuliyoifunga jana, na atakuja nayo hadi kwenye zege bichi.

Ukishika kibao, simama kwenye bega la barabara, si kwenye njia, hadi gari la kwanza lisimame kabisa. Usiyape magari mgongo. Usisimame na rafiki mkipiga soga za nyumbani. Chagua mapema utakimbilia wapi. Na usijitulize ukishaingia nyuma ya mapipa: sehemu kubwa ya ajali za kazi hii husababishwa na magari ya kazini yenyewe, tipa linalorudi nyuma na dereva hakuoni. Kabla hujapita nyuma ya lori, hakikisha macho yake na yako yamekutana kwenye kioo.

Mwili wako pia. Zege bichi linaunguza. Halichomi kama moto, hulisikii, unapiga magoti asubuhi na jioni ngozi ya magoti imetoka. Vaa buti za mpira, badilisha suruali iliyolowa, nawa. Vumbi la msumeno na la kutoboa linaharibu mapafu taratibu, kwa hiyo msumeno usiendeshwe bila maji. Na kama mafunzo ya usalama yanatolewa kwa Kiingereza usichoelewa, omba maelezo kwa lugha unayoijua. Mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, OSHA, inamtaka mwajiri afundishe kwa lugha na maneno ambayo mfanyakazi anayaelewa. Kutikisa kichwa eti yes, yes, ni tabia yetu mbaya.

Kuhusu hela. Miradi mingi ya barabara kuu inalipiwa na fedha za serikali ya shirikisho, na hapo inatumika sheria ya Davis-Bacon ya 1931: kila aina ya kazi ina kima chake, na orodha hiyo lazima ibandikwe mahali pa kazi. Isome. Angalia kwenye karatasi yako ya malipo umeandikwa nani. Ukiwa unaendesha mashine huku umeandikwa kibarua wa kawaida, tofauti ni ya dola kadhaa kila saa, na hakuna atakayekukumbusha. Andika saa zako kwenye daftari kila siku, kazi uliyofanya na barabara gani. Kuna mwajiri mmoja ambaye saa za jamaa zetu zilikuwa zinapungua kila Ijumaa. Zilirudi siku daftari lilipowekwa mezani.

Novemba au Desemba baridi ikikaza, kazi inasimama. Usishangae na usidhani umefukuzwa. Wiki hiyo hiyo omba fao la ukosefu wa ajira kwa Iowa Workforce Development, idara ya ajira ya jimbo, na tangu 2022 kikomo cha kawaida ni wiki 16 tu, kwa hiyo hela za saa za ziada za Julai usizitume zote nyumbani. Majirani wengi huutumia muda huo kusomea leseni ya malori. Na mwezi wa pili usisubiri kupigiwa. Mpigie foremani wewe, mwambie uko tayari kwa msimu.