Jibu: Parachichi aina ya Hass kusinyaa badala ya kuiva

Ndugu, maparachichi ya kampuni yenu ya familia kufika bandari ya Rotterdam, Uholanzi, yakasinyaa, nyama ikabaki kama mpira, ni dalili ya kuvunwa machanga. Ukubwa usikudanganye. Pimeni ukomavu wa matunda ya kila shamba: changanya nyama ya matunda kadhaa, bila ganda wala kokwa, pima gramu 10, kausha kwenye maikrowevu kwa moto mdogo hadi uzito usishuke tena. Zikibaki gramu 2.1, hiyo ni asilimia 21 ya sehemu kavu ya nyama, kiwango cha chini cha UNECE (tume ya Umoja wa Mataifa ya uchumi wa Ulaya, inayoweka viwango vya mazao) kwa Hass. Kwa safari ndefu ya meli, nawasihi msubiri ifike asilimia 24. Vuneni kwa mkasi, mkiacha kikonyo kifupi. Tunda likinyofolewa, kuvu huingilia kwenye kidonda hicho. Kisha lipozwe siku hiyohiyo.